Ratiba Iliyofuata Bamvua

Siku ya kuniaga, mshereheshaji alinipa muda niseme "machache yenye busara", kisha akaukata kwa sababu pilau lilikuwa limefika. Simlaumu. Mtu aliyefundisha vipindi vya mwisho kabla ya chakula kwa miaka mingi anajua kati ya busara na pilau nani hushinda. Lakini yale machache yalibaki tumboni pamoja na pilau, na kwa kuwa sasa sina daftari la kusahihisha, nayaandika hapa.

Nawaandikia walimu vijana wa shule yetu, hasa atakayekalia kiti changu cha taaluma, ambacho mguu wake mmoja ni mfupi na haujawahi kutengenezeka. Kuhusu vyeo sina hadithi. Kuhusu mshahara mnazo za kwenu. Nitasema juu ya ratiba, na juu ya watoto wanaokimbia, kwa sababu ndivyo vitu viwili vilivyonifundisha kazi baada ya chuo kikuu kudhani kimemaliza.

Nilianzia Nanyamba, nikiwa na shahada ya jiografia, masweta mawili na imani kwamba masweta yatahitajika. Kwetu ni Njombe. Mwezi wa kwanza niliyatumia kama mto. Mwezi wa Oktoba niliingia darasani nikakuta nusu ya madawati yako shambani yanaokota korosho. Nikaenda kwa mwalimu wa taaluma wa kule, mtu mpole aliyekuwa akipiga mswaki kwa kijiti hadi saa nne, nikamwambia ratiba yangu imevurugika.

"Haijavurugika," akasema. "Ratiba huandikwa na ofisi, halafu husahihishwa na korosho."

Ndipo nilipojitengenezea ubao wangu. Wengi wenu mmeuona na kuucheka. Ni kipande cha mbao nyembamba chenye misumari iliyopangwa kwa safu, na juu ya kila msumari unatundika kizibo cha soda kilichotobolewa na kupakwa rangi. Chekundu ni hisabati, kijani baiolojia, bluu jiografia, cheupe kemia, cheusi fizikia, na cha manjano ni michezo. Korosho zikianza, unavua vizibo na kuvipanga upya bila kufuta wala kuchana karatasi. Nilikunywa soda nyingi sana kwa ajili ya taifa hili.

Kisha mume wangu akapata kazi bandarini Mtwara, nasi tukaomba nihamishiwe karibu naye. Ombi likakubaliwa kwa maana ya "karibu" inayotumika ofisini: nikapelekwa shule ya pwani, upande wa Msimbati, yeye akabaki mjini akija nyumbani mwisho wa wiki. Niliwasili na ubao kwapani na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ni Tumaini, ambaye ndiye hasa habari yenyewe, ila wakati huo alikuwa hajui kutembea, seuze kukimbia.

Mtu wa kwanza kunipokea alikuwa Mwalimu Chitanda, aliyefundisha Kiswahili na kusimamia michezo. Alizaliwa hapohapo, Mmakonde wa pwani, mfupi, mwenye filimbi shingoni hata kwenye misiba. Alinionyesha uwanja wa shule. Ulikuwa mchanga laini unaofika kwenye vifundo vya miguu.

"Hapa watoto wanakimbilia wapi?" nikauliza.

"Hapa hawakimbii. Hapa wanapandwa," akasema. "Kukimbia ni kule."

Kule ni ufukweni. Mliozoea hamshangai tena, lakini mimi nilishangaa: maji yakikupwa, mchanga unabaki mgumu kiasi kwamba gari linapita juu yake kama barabarani. Hakuna shule ya bara yenye uwanja wa riadha kama ule. Nilirudi ofisini kwa furaha, nikatundika vizibo vya manjano kila Jumanne na Alhamisi mchana, nikaandika chini yake: riadha, ufukweni.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda vizuri mno. Wiki ya pili nilikwenda mwenyewe kushuhudia. Niliwakuta wanafunzi wamesimama kwenye mivinje, viatu mkononi, wananitazama mimi, na nyuma yao bahari imejaa hadi kwenye mizizi. Uwanja wangu wa riadha ulikuwa chini ya maji, na samaki ndio waliokuwa mazoezini.

Mwalimu Chitanda alikuja polepole, mikono nyuma.

"Madam, kupwa na kujaa unafundisha kidato cha ngapi?"

"Cha kwanza."

"Unafundishaje?"

"Nachora mwezi, jua na dunia."

"Unachora vizuri?"

"Vizuri sana."

"Basi hongera," akasema, akapuliza filimbi kuwarudisha watoto shuleni.

Siku hizo nilikuwa bado najitetea. Nikamweleza kwamba katika michoro yangu dunia huwa na maji pande zote sawasawa, na kwamba Njombe bahari haitusumbui. Alinisikiliza kwa heshima yote anayostahili mtu aliyesoma. Kisha akasema, "Wewe andika michezo. Bahari niachie mimi." Nikaandika michezo, nikaongeza na siku moja ikawa mara tatu kwa wiki, kila wiki, nikamwachia bahari. Kumbukeni sentensi hiyo, maana nilikaa juu yake miaka mingi kama kuku anayeatamia jiwe.

Sasa nije kwenye mchepuo wa miguu.

Mnajua utaratibu. Kidato cha kwanza na cha pili mtoto husoma yote. Akivuka mtihani wa kidato cha pili, Januari inayofuata lazima achague: aendelee na fizikia na kemia, au aziache akabaki na masomo ya sanaa, na chaguo hilo ndilo atakalofanyia mtihani wa kidato cha nne. Mitaala inabadilika na majina yanabadilika, lakini kile kijasho cha mzazi siku ya kuchagua hakijabadilika. Shuleni kwetu nilikuta desturi: mwanasayansi ana praktikali maabara mchana, na mwanamichezo ana mazoezi mchana huohuo, kwa hiyo kila anayekimbia au kucheza mpira hupelekwa sanaa. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Ofisi ya walimu iliuita mchepuo wa miguu, na mimi niliutetea kwa maneno mazuri: mtoto apate nafasi ya kukuza kipaji.

Mzazi mmoja tu ndiye aliyenikwamisha. Tulimwita Mama Joana. Familia yake ilitoka ng'ambo ya Ruvuma, naye aliuza vitenge kutoka Msumbiji, na alizungumza na watu wote kama wateja wanaotaka kupunguziwa. Kijana wake alikuwa beki wa kushoto na hodari wa hesabu.

"Madam, huyu mnampeleka wapi?"

"Sanaa, mama. Apate muda wa mpira."

"Miguu kapewa na Mungu bure. Mimi shule nimeleta kichwa."

"Kichwa atakitumia huko huko, mama. Historia inataka kichwa."

"Haya," akasema, akijifunga kitenge upya. "Lakini ukinunua kwangu kitenge cha pande mbili, sikukatii upande mmoja nikakwambia huu ndio wenye maua."

Akaenda zake. Kijana akasoma sanaa, akacheza mpira, akawa mtu mzuri tu, ana duka Mtwara mjini. Lakini maneno ya kitenge yalikaa.

Wakati huo wote Tumaini alikuwa anakua, na anakua miguu kwanza. Watoto wa walimu wa pwani hawana pa kucheza isipokuwa ufukweni, na yeye alicheza kwa kufukuzana na mawimbi, kisha kufukuzana na wenzake, kisha hakukuwa na wenzake wa kufukuzana naye. Alipoingia kidato cha kwanza Mwalimu Chitanda alimtazama akikimbia, akaja nyumbani jioni hiyo bila kualikwa, akanywa chai vikombe viwili, na alipoondoka ndipo alipotamka alichokijia: "Madam, yule si wako tena. Ni wetu sote." Mbio zake zilikuwa mita mia nane na elfu moja mia tano, zile ambazo mtu anateseka kwa muda wa kutosha kujutia.

Nadhani ningejua la kufanya kama angekuwa mkimbiaji tu. Shida ni kwamba alipenda kemia. Sijui alitoa wapi. Kwetu hatuna historia ya ugonjwa huo. Halafu alipokuwa kidato cha pili, rafiki yake mmoja alichanika msuli wa paja kwenye mashindano ya wilaya. Mwalimu Chitanda alimchua kwa mafuta na dua, ikashindikana. Tumaini akamsindikiza hospitali mjini, akamkuta mtu wa fiziotherapia aliyemwonyesha yule rafiki, kwa picha ya ukutani, msuli gani umechanika na utaungaje. Alirudi nyumbani akitaja misuli kwa majina kama mtu anayetaja jamaa zake. Kuanzia hapo alitaka vitu viwili: kukimbia, na kuwa kama yule mtu wa picha ya ukutani. Cha pili hakifikiwi bila fizikia na kemia. Mimi, kwa mikono yangu, nilikuwa nimevitundika vyote viwili kwenye msumari mmoja.

Matokeo ya kidato cha pili yalitoka, akafaulu vizuri, na orodha ya michepuo ilitakiwa kubandikwa Ijumaa inayofuata. Jumamosi mchana baba yake alikuwa nyuma ya nyumba anafunga mnyororo wa baiskeli uliokuwa na tabia ya kukatika kila alipokuja. Tumaini alikuwa anafua viatu. Mimi nikaona hapo ndipo pa kutumia uzoefu wangu.

"Tumaini mwanangu," nikaanza, "sayansi ina praktikali mchana, na mazoezi ni mchana. Ukiangalia kwa mapana, mchepuo wa sanaa utakupa nafasi ya kukuza kipaji chako huku ukiendelea na ..."

"Mama."

"Nini?"

"Unaongea na mimi au na mzazi wa mtu?"

Baba yake akacheka hadi spana ikamtoka.

"Na wewe Baba usicheke. Wewe unataka niache mbio."

"Sijasema uache. Nimesema sijaona cheti kilichoandikwa mtu kakimbia mara ngapi."

"Si ndiyo kuacha huko?"

"Mimi nipo bandarini, mwanangu. Naona watu wenye nguvu za miguu wamejaa pale getini asubuhi wanasubiri kuitwa. Wanaoitwa kwanza ni wenye cheti."

Hilo lilimfanya aweke kiatu chini, kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu baba yake aliliongea akiitazama baiskeli, si yeye.

"Basi nichukue vyote," akasema.

"Na ukikosa vyote?" akauliza baba yake.

"Nikose mwenyewe. Siyo nikoseshwe na ubao wa Mama."

Nikaona heshima ya ubao imeguswa. Nikamwambia, kwa sauti ya ofisini ambayo hata mimi siipendi, kwamba ubao hauna ubaya na mtu, kwamba saa za mchana ni chache na haziongezeki, na kwamba yeye hana muda, basi.

"Muda upo," akasema. "Wiki hii nzima tumekaa tu."

"Mmekaa wapi?"

"Kwenye mivinje. Si bamvua, Mama! Mchana maji yanajaa mpaka juu, tutakimbilia wapi? Tunakula korosho, Mwalimu Chitanda anatusimulia. Juzi kasimulia tena lile goli lake la kona. Safari hii upepo umeongezeka."

Baba Tumaini, ambaye anajua ukimya wangu wa kila aina, akauliza kama naumwa.

Sikuwa naumwa, nilikuwa nafundisha kidato cha kwanza. Kichwani nilikuwa nachora mwezi, jua na dunia, vizuri sana. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji yanakupwa asubuhi watoto wakiwa darasani, na jioni yamejaa mpaka kwenye mizizi. Wiki moja mbele, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na kukupwa kumesogea hadi jioni. Maji mafu hayaachi mchanga mwingi, lakini kilichobaki kinatosha watatu kukimbia sambamba. Maana yake kila baada ya wiki ya kukimbia inakuja wiki ambayo uwanja haupo. Haupo kabisa, umechukuliwa na mwenyewe. Na katika wiki hiyo, mchana kutwa, vizibo vyangu vya manjano vilikuwa vinaning'inia pale vikiwalinda watoto wanaokula korosho.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwa Mwalimu Chitanda. Nilimkuta anakuna nazi, filimbi shingoni.

"Mwalimu, wiki ya bamvua unawapa watoto mazoezi gani?"

"Nawajenga kisaikolojia."

"Kwa goli la kona?"

Akaacha kukuna. "Nani kasema?"

"Mbona hukuniambia kwamba wiki hizo mchana uko wazi?"

"Madam, wewe ulitaka michezo mara tatu kila wiki. Mtu anayegawa vipindi bila kuombwa, unamrudishia?"

Hapo nilimwelewa kabisa. Mwalimu anayerudisha kipindi sijamwona hadi nastaafu.

Tulikaa kwenye mkeka wake tukapanga. Wiki ya maji mafu, mchana wote ni mbio. Wiki ya bamvua, mchana wote ni maabara. Mwalimu Chitanda angepoteza hadithi tu. Aliomba abakiziwe siku moja ya kusimulia, nikamkatalia, akasema watu wa baridi tuna roho ya jiwe la kusagia. Nikakubali hiyo sifa.

Aliyebaki ni Mwalimu Swai wa kemia, kijana wa Moshi, nadhifu, aliyekuwa akihesabu bureti zake kila jioni kama mfugaji anayehesabu mbuzi. Maabara ilikuwa moja, walimu wa fizikia na yeye wakigawana. Mjue pia kwamba tulikuwa mwendo mfupi kutoka visima vya gesi, nasi tulikuwa tunachemshia kwa majiko madogo ya mafuta ya taa, kwa hiyo Mwalimu Swai hakuwa mtu wa kupenda mizaha. Jumatatu tulimkabili ofisini, mimi na ubao, Chitanda na filimbi.

"Kemia haifuati mwezi, Madam," akasema.

"Haifuati. Lakini praktikali zako hazipungui hata moja. Zinakusanyika tu wiki moja badala ya kutawanyika mbili."

"Na wiki isiyo na maabara nifundishe nini?"

"Nadharia."

"Na wasahau mikono?"

Lilikuwa swali zuri. Nikasema tumpe asubuhi ya Jumamosi katika wiki ya mbio. Akafikiri. Chitanda akashindwa kuvumilia.

"Swai, nyie huko Moshi mwezi mnautazamia nini?"

"Majirani zetu wakitaka kujua Idi ni lini."

"Basi tazama na wewe. Utapata kemia badala ya pilau."

"Pilau napata pia. Nina majirani wazuri." Akavuta pumzi. "Sawa. Lakini mkimbiaji atakayeingia maabara na mchanga miguuni, ataifagia yote."

Mkuu wa shule aliuliza jambo moja tu: mkaguzi akija akauliza kwa nini wiki hazifanani, aambiwe nini. Mwalimu Chitanda akamwambia amkaribishe mkaguzi ufukweni siku ya bamvua, aje na viatu vya kuvulika. Mkuu akatia saini akiwa anacheka, ambavyo ndivyo mambo mengi mema serikalini hupita.

Ijumaa orodha ikabandikwa. Tumaini alikuwa kwenye sayansi, pamoja na wakimbiaji wengine watatu ambao nao, kumbe, walikuwa na vichwa. Kwenye ubao nilitundika safu mbili, na juu ya kila safu nikapigilia kizibo kikubwa cha chupa ya juisi: kimoja nimekichora mwezi mpevu, kingine nusu. Mama Joana alipoleta mtoto wake wa pili alisimama mbele ya ubao huo muda mrefu.

"Na huyu ana kichwa. Mara hii hamkati?"

"Mara hii hatukati, mama."

"Mmechelewa," akasema, "lakini kitenge mtapata."

Nisiwadanganye kwamba baada ya hapo maji yalikuwa shwari. Maabara ile haijawahi kufagiwa vizuri kama mwaka ule. Siku za katikati, bamvua ikiwa inaisha na maji mafu hayajaanza, kila mtu alidai mchana ni wake, na nilikuwa mwamuzi nisiye na filimbi. Tumaini alipofika kidato cha nne, kambi ya mkoa ya riadha ikaangukia juu ya mitihani ya majaribio. Kambi haifuati bamvua, mtihani haufuati bamvua, na hapo ubao wangu haukuwa na msumari wa kusaidia. Tumaini akaniuliza afanye nini.

Nilikuwa na maneno mengi mazuri tayari. Nikayameza. Nikamwambia, "Unajua gharama ya kila upande. Chagua."

Akaenda kambini. Aliporudi, mtihani wa majaribio wa kemia ulikuwa umepita bila yeye. Baba yake wikendi nzima alifunga mnyororo wa baiskeli ambao haukuwa umekatika. Mimi nilitoka usingizini mara kadhaa nikitaka kumwamsha nimwambie, tazama sasa. Sikumwamsha. Wiki mbili zilizofuata Mwalimu Swai, bila kuombwa na mtu, alibaki naye maabara mchana, ikiwa bamvua au si bamvua, na Mwalimu Chitanda akawa anapita dirishani kila baada ya muda akisema, "Mwalimu, usinimalizie mkimbiaji."

Mkoani alishindwa kuingia timu kwa kifua cha mtu mmoja. Nilikuwepo. Alipovuka mstari alikaa chini, akaangalia kundi lililochaguliwa, akalia kama mtu mzima analia, bila sauti. Mtihani wa taifa ulipokuja alifaulu baiolojia na kemia vizuri, na fizikia kwa kushika ukuta. Ukuta ulitosha. Akapata nafasi chuoni kusoma alichokitaka, mbali na hapa, huko bara ambako maji hayakupwi wala kujaa bali hutoka bombani yakipenda.

Aliendelea kushindana akiwa chuoni. Siku moja, mwaka wa pili, akanipigia simu mchana.

"Mama, nimeacha mashindano."

"Nani kakwambia uache?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini?"

"Nimeona tu. Wodini napenda zaidi. Unasikitika?"

Nilisikitika, sana. Lakini nilikuwa mwanajiografia nilipozaa, na angalau najua tofauti ya mto uliozibwa na mto uliofika mwisho wake. Nikamwambia asante kwa kunijulisha, kama mtu wa ofisi. Baba yake nilipomwambia hakushangilia kama nilivyotegemea. Alikaa barazani. Baadaye akasema, "Zile mia nane alikuwa anazikimbia vizuri, lakini."

Kwa hiyo hilo ndilo neno langu la pilau, wenzangu. Mzazi akija Januari na kijasho chake, kabla hujamwambia mtoto wake hana muda, kaangalie huo muda unakaa wapi na unakula nini. Na siku ambayo kweli muda hautoshi, na siku hiyo itafika, mwache mtoto aangushe kimoja kwa mkono wake mwenyewe. Kilichoangushwa na mwenyewe hakimfuati mtu uzeeni. Kilichokatwa na ofisi, nimewasikia watu wazima kabisa wakikililia kwenye harusi.

Ubao nimemwachia Mwalimu Nasra, anayechukua kiti changu. Ana kompyuta inayopanga ratiba yenyewe, na nimeiona, ni ya ajabu. Niliuliza bamvua inaingizwa wapi. Akatafuta, akasema programu inajua wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, bamvua haina. Akaupokea ubao vile mtu anavyopokea sufuria la marehemu shangazi. Juzi nilipopita shuleni niliukuta umetundikwa ukutani juu ya kompyuta, na kizibo cha mwezi mpevu kiko upande ulio sahihi. Sikusema kitu. Mstaafu anayepita ofisini kusema kitu ni tatizo la kiutawala.

Mwezi uliopita Tumaini alikuja likizo. Tumejenga hapahapa, ng'ambo ya shule, na baba yake naye kaacha bandari. Mchana niliona ametoa viatu vya zamani, vile vyenye chumvi isiyotoka, anakaza kamba barazani.

"Mama, maji yakoje?"

Nilikuwa ndani nachambua mchele, sioni bahari.

"Yanakupwa. Maji mafu leo. Subiri kidogo mchanga ukaze."

Akasubiri, kisha akashuka kuelekea kwenye mivinje, kwanza anatembea, halafu hatembei. Baba yake akaamka kitini, akatoa baiskeli, akaukagua mnyororo.

"Unakwenda wapi, Baba Tumaini?"

"Dukani. Sukari imekwisha."

Sukari ilikuwepo, mfuko mzima. Na duka liko upande wa shule. Nilimtazama akikata kona kuelekea baharini, anasimama kwenye pedeli ili amfikie.